Kompyuta inapigiwa hodi: dalili, chanzo na namna ya kufunga milango

Saa tatu usiku simu iliita. Ni mama mmoja mwenye steshenari, mteja wangu wa siku nyingi. "Fundi, naibiwa sasa hivi, hapa ninavyoongea na wewe!" Nikamwamkia, akaitikia marahaba ya haraka haraka, kisha akanitumia picha ya skrini kwa WhatsApp. Antivirusi yake ilikuwa imetoa kisanduku chekundu kinachosema shambulio la kuchunguza poti limezuiwa, na chini yake imeandikwa anwani ya mshambuliaji: 192.168.1.1.

Nilicheka, halafu nikamwomba radhi kwa kucheka. Anwani hiyo ilikuwa ya ruta yake mwenyewe, kile kidude cheupe cha kugawa mtandao, chenye antena mbili, kilichokaa juu ya mashine ya fotokopi.

Simu za namna hii nazipata mara kwa mara, na nyingi haziishii kwa mwizi. Ila zipo zinazoishia kwa mwizi kweli, na tatizo ni kwamba mara nyingi hizo hazianzi na kisanduku chekundu. Kwa hiyo nitapita dalili moja baada ya nyingine, jinsi ninavyozifuata mwenyewe mteja anapoleta mashine.

Kwanza tuelewane kuhusu poti. Watafsiri wengine huziita bandari, lakini bandari ninazozijua mimi zina meli, kwa hiyo tubaki na poti. Chukulia kompyuta ni nyumba ya kupanga yenye korido ndefu, vyumba vimepewa namba kuanzia 0 hadi 65535. Programu inayotaka kuongea na dunia inakodi chumba. Anayechunguza poti anapita koridoni akipiga hodi kila mlango, na majibu ni ya aina tatu. Akisikia "karibu", poti iko wazi na kuna programu ndani inayopokea wageni. Akijibiwa kwamba chumba hakina mtu, poti imefungwa, lakini kompyuta yenyewe ndiyo imejibu, sawa na yule mtoto anayesema "baba amesema hayupo". Kukiwa kimya kabisa, maana yake ukuta wa kinga, ule unaoitwa faiwoli, umemezea hodi bila kujibu.

Hodi hizi hazikomi, mchana na usiku. Nmap, chombo maarufu zaidi cha kuchunguza poti, Gordon Lyon alikitoa Septemba 1997. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa ZMap, wakaonyesha kwamba kompyuta moja yenye mtandao wa kasi inaweza kupiga hodi kwenye poti moja ya anwani zote za IPv4 duniani, yaani zile za namba nne kama 192.168.1.1, kwa chini ya dakika 45. Hakuna aliyekaa gizani akakuchagua wewe. Zinapigwa hodi anwani zote, na yako imo. Mimi siulizi nani amebisha. Nauliza nani ndani amejibu karibu, na nani alimruhusu.

Dalili: onyo linatokea kwamba poti zako zinachunguzwa

Soma anwani iliyotajwa kabla ya kufanya lolote. Ikianza na 192.168, au 10, au 172.16 hadi 172.31, aliyebisha hodi yumo ndani ya mtandao wako. Anaweza kuwa ruta, printa, televisheni au simu ya mtoto. Printa zina tabia ya kuzungukazunguka zikitafuta kompyuta, na programu za simu zinazotafuta pa kurushia video hufanya vivyo hivyo.

Kwa yule mama chanzo kilikuwa kingine, na nakieleza kwa kirefu kwa sababu kinawasumbua watu wengi. Kila unapofungua tovuti, kompyuta inaiuliza ruta anwani ya tovuti hiyo. Swali linatoka kwenye poti ya muda, yoyote kati ya 49152 na 65535 kwenye Windows za sasa, linakwenda poti 53 ya ruta. Jibu linatakiwa lirudi kwenye poti ileile iliyouliza. Sasa mtandao ukiwa mzito, jibu linachelewa. Kompyuta inachoka kusubiri na kufunga ile poti, inauliza tena kupitia nyingine, inaifunga nayo, inauliza tena. Mwishowe majibu yote yanafika kwa mkupuo, kila moja likigonga mlango uliokwisha fungwa. Antivirusi ikitazama inaona ruta inapiga hodi milango kumi tofauti ndani ya sekunde chache, basi inapiga ukelele wa mwizi. Ndiyo maana maonyo ya aina hii huongezeka saa za jioni, mtandao unapolemewa.

Dawa yake: angalia maelezo ya onyo. Ukiona poti ya chanzo ni 53, tulia. Zima ruta, iwashe baada ya dakika moja, au badili seva ya majina kwenye kompyuta uweke 1.1.1.1 au 8.8.8.8. Usizime antivirusi kwa hasira.

Ila ikiwa anwani ni ya ndani lakini huitambui, ingia kwenye ukurasa wa ruta uangalie orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Mara nyingi ni jirani aliyepewa nenosiri la Wi-Fi siku ya msiba au harusi na hakulisahau. Badilisha nenosiri.

Ukiwa hotelini, chuoni au kwenye mgahawa wenye Wi-Fi ya wote, hodi ya ndani haina kitendawili: kuna laptopu ya mtu ina virusi, au kuna kijana anajifunza. Kazi yako ni moja tu, kuhakikisha Windows imeambiwa mtandao huo ni wa hadhara, yaani Public, si Private. Kwa kubofya hapo peke yake milango mingi inanyamaza.

Kama anwani inatoka nje kabisa, jiulize ilikufikiaje, maana ruta ya kawaida haipitishi mgeni ambaye hukumwita. Ama unatumia modemu ya zamani ya kuchomeka inayoipa kompyuta anwani moja kwa moja, ama kuna mtu amefungua njia kwenye ruta. Hilo la pili ni kubwa, tutalifikia.

Dalili: umeona poti ziko wazi na huzielewi

Fungua kidirisha cha amri kama msimamizi, andika `netstat -ano`, bonyeza Enter. Hii ni sehemu ya kilichotokea kwenye laptopu ya mwanafunzi mmoja aliyeniletea:

```
TCP   0.0.0.0:135      0.0.0.0:0   LISTENING   1012
TCP   0.0.0.0:445      0.0.0.0:0   LISTENING   4
TCP   0.0.0.0:1688     0.0.0.0:0   LISTENING   5236
TCP   127.0.0.1:3306   0.0.0.0:0   LISTENING   7720
```

Neno LISTENING maana yake kuna mtu chumbani ametega sikio. Safu ya pili ndiyo ya kusoma kwa makini. Ikianza na 127.0.0.1, mlango huo unafunguka kwa ndani tu, kompyuta inaongea na nafsi yake. Huyo 3306 ni hifadhidata ya MySQL ya masomo yake, imekaa vizuri. Ikianza na 0.0.0.0, chumba kinapokea mgeni kutoka popote, kwa kadiri faiwoli itakavyomruhusu.

Poti 135 na 445 ni za Windows yenyewe, usishtuke kuziona, wala zile kubwa kubwa za 49664 na kuendelea. Zipo karibu kila mashine. Kinachotakiwa ni zisionekane nje ya nyumba. Historia yake ni ndefu: Agosti 2003 kirusi cha Blaster kilipita kwenye 135, na kompyuta iliyounganishwa moja kwa moja kwenye intaneti ilikuwa inaambukizwa kabla hata hujamaliza kupakua kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu. Mwaka uliofuata Microsoft ikatoa Service Pack 2 ya Windows XP ambayo faiwoli yake inawaka bila kuombwa. Kisha tarehe 12 Mei 2017 ikaja WannaCry, safari hii kwa 445, ikafunga mafaili ya kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zaidi ya 150. Kiraka cha kuizuia kilikuwa kimetoka tangu Machi 14, karibu miezi miwili kabla. Walioumia ni waliokuwa wameahirisha masasisho, au waliokuwa na Windows ambazo zimekwisha achwa.

Aliyenishtua kwenye orodha ile ni 1688. Hiyo ndiyo poti ya huduma ya Microsoft ya kuhuisha leseni za ofisi kubwa, na laptopu ya mwanafunzi haina sababu ya kuwa seva ya leseni. Nikachukua namba ya mwisho, 5236, inayotambulisha programu yenyewe, nikaandika `tasklist /fi "pid eq 5236"`. Ikatoka programu ya kraki ya Office, ile ya kuitumia bila kulipia. Nikamuuliza, "Uliambiwa uzime antivirusi kwanza kabla ya kuiweka?" Akasema ndiyo, maelekezo yalisema hivyo. Uliiwasha tena? Kimya.

Poti nyingine za kutilia shaka ukiziona zinasikiliza kwenye 0.0.0.0: 3389 ni ya kuingia kompyuta kwa mbali, na kama una Windows toleo la Home haitakiwi kuwepo kabisa, kwa sababu toleo hilo halina huduma ya kupokea wageni wa namna hiyo. Ikiwepo, kuna mtu ameuchokonoa mfumo. 5900 ni ya VNC, programu nyingine ya kuendesha kompyuta kwa mbali. 5938 na 7070 hutumiwa na TeamViewer na AnyDesk. Zenyewe ni programu halali, swali ni nani aliziweka. Kama ni "mtu wa benki" aliyekupigia simu kukusaidia, ziondoe leo, kisha piga benki kwa namba iliyo nyuma ya kadi yako.

Wenye Linux, amri ni `sudo ss -tlnp`. Kwenye Mac, `sudo lsof -nP -iTCP -sTCP:LISTEN`. Kusoma ni kulekule.

Dalili: mshale unatembea wenyewe, au akaunti inajifunga kwa nenosiri usilolikosea

Mshale kwanza, maana ndio unaoleta hofu kubwa kuliko yote. Chomoa waya wa mtandao, zima Wi-Fi. Bado unacheza? Basi hakuna mdukuzi. Chomoa chaja. Chaja za bei chee huvujisha umeme kidogo kwenye bodi ya laptopu na paneli ya kugusa inachanganyikiwa. Nimerudisha laptopu nyingi kwa kumwambia mwenyewe anunue chaja nyingine. Lakini kama mshale unatembea kwa mpango, unafungua kivinjari, unaelekea kwenye barua pepe, na unakufa ganzi mara tu ukikata mtandao, usiwashe tena mtandao kwenye mashine hiyo. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya kusafisha huko chini.

Akaunti kujifunga ni dalili tofauti. Fungua Event Viewer, programu ya Windows inayoonyesha kumbukumbu za matukio, ingia kumbukumbu za usalama, tafuta tukio namba 4625. Hilo huandikwa kila mtu anapokosea nenosiri. Ofisi moja ya uhasibu iliniita kwa shida hii. Mwaka 2020, kila mtu alipojifungia nyumbani, kijana wao wa kompyuta alifungua njia kwenye ruta ili mhasibu aingie mashine ya ofisini kwa 3389. Mhasibu alirudi ofisini zamani, ila njia ilibaki. Nilipofungua kumbukumbu, mistari ya 4625 ilikuwa inaongezeka mbele ya macho yangu: administrator, admin, user, test, tena administrator. Hakuna binadamu anayechapa vile. Ni mashine inapiga ramli ya nenosiri usiku kucha.

Yule kijana alijitetea kwamba alishahamisha kutoka 3389 kwenda 3390. Ni sawa na kuhamisha mlango futi moja kushoto. Anayepiga hodi korido nzima atapita hapo pia, na huduma ikijibu inajitambulisha yenyewe.

Tulichofanya: kuiondoa ile njia kwenye ruta, ukurasa wa Port Forwarding, tukaangalia na DMZ, kipengele kinachopeleka hodi zote za nje kwa kompyuta moja, kama haijawashwa. Tukazima UPnP, maana ni kipengele kinachoziruhusu programu za ndani zifungue njia bila kumuuliza mwenye nyumba. Anayehitaji kuingia kwa mbali aingie kupitia VPN, yaani njia ya faragha iliyofungwa kwa ufunguo, kama WireGuard, ambayo haimjibu kabisa mgeni asiye na ufunguo. Halafu nikatafuta tukio 4624, la kuingia kwa mafanikio, kwenye saa za usiku wa manane. Hili watu wengi hulisahau. Kujua kwamba wamejaribu mara elfu hakusaidii kitu usipoangalia kama mara moja walifaulu.

Dalili: faiwoli inajizima

Andika `netsh advfirewall show allprofiles` uone hali yake. Kama iko OFF, kumbuka umeweka nini karibuni. Antivirusi mbili kwenye mashine moja hugombana, kila moja inataka ufunguo wa geti. Baki na moja. Antivirusi ya kulipia iliyokwisha muda nayo huacha pengo, imezima faiwoli ya Windows na yenyewe haifanyi kazi, iondoe kabisa. Baada ya hapo `netsh advfirewall reset` inarudisha kanuni zote kama zilivyotoka kiwandani. Ukiiwasha na baada ya kuzima na kuwasha kompyuta ukaikuta imezimwa tena, kuna kitu ndani kinaizima.

Dalili: bando linayeyuka, na Google inakuuliza kama wewe ni roboti

Hii ndiyo ninayoiogopa, kwa sababu hapa huenda anayepiga hodi kwa wenzake ni kompyuta yako.

Lakini la roboti lisikupeleke mbio peke yake. Kampuni nyingi za simu huwachangishia wateja anwani moja ya nje, kwa hiyo makosa ya mteja mwingine usiyemjua yanakuangukia wewe. Linganisha anwani iliyoandikwa kwenye ukurasa wa ruta na ile inayotajwa na tovuti za kuonyesha anwani yako. Zikitofautiana, au ya ruta ikianza na 100.64 hadi 100.127, uko kwenye anwani ya kuchangia.

Kisha funga programu zote, subiri dakika mbili, andika `netstat -ano` tena. Safari hii tafuta neno SYN_SENT, yaani hodi ambayo kompyuta yako imepiga na bado haijajibiwa. Moja au mbili si kitu. Ukiona mistari kadhaa wa kadhaa, anwani tofauti tofauti za dunia nzima lakini poti ileile, 445 au 23 au 3389, basi mashine yako imeajiriwa. Inabisha hodi kwa niaba ya mtu mwingine, kwa bando lako.

Kama kompyuta ni safi na bando bado linayeyuka, mtuhumiwa ni ruta au kamera ya ulinzi. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kilikusanya jeshi la kamera na ruta kwa kujaribu poti 23 na 2323 na manenosiri ya kiwandani, yale ya admin na admin. Kinakaa kwenye kumbukumbu ya muda, kwa hiyo kuzima kifaa kunakiondoa, ila ukiwasha bila kubadili nenosiri kinarudi haraka. Zima, tenga na intaneti, badili nenosiri, ndipo uunganishe.

Kujipigia hodi mwenyewe

Ukimaliza kufunga, hakikisha. Tovuti ya ShieldsUP ya Steve Gibson inapiga hodi kutoka nje na kukuonyesha majibu bure. Fahamu tu kwamba inachogonga ni ruta, si kompyuta, na ukiwa kwenye anwani ya kuchangia inagonga mitambo ya kampuni ya simu, kwa hiyo majibu hayo hayakuhusu. Ndani ya nyumba tumia Nmap kutoka kompyuta nyingine: `nmap 192.168.1.20`, ukibadilisha namba iwe ya mashine yako.

Pima vya kwako tu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 na ile ya Kenya ya mwaka 2018 zote zinaadhibu kuingilia mfumo wa mtu bila ruhusa, na "nilikuwa najaribu tu" si hoja unayotaka kuitoa polisi.

Ikithibitika mtu ameingia

Usihangaike kumtafuta kirusi mmoja mmoja. Kata mtandao. Nakili nyaraka na picha kwenye diski ya nje, usinakili programu wala faili lolote la .exe au .lnk. Kwa kutumia simu au kompyuta nyingine, badili nenosiri la barua pepe kwanza, kisha benki, kisha mengine, na washa uthibitisho wa hatua mbili. Tengeneza flashi ya Windows kwenye mashine safi, futa diski yote, weka upya. Masasisho yaishe kabla hujarudisha faili hata moja, na nyaraka zipitishwe kwenye antivirusi ndipo zifunguliwe.

Yule mwanafunzi wa 1688 nilimfanyia hivyo, ikachukua nusu siku. Nilipomkabidhi laptopu aliifungua, akatafuta Word, akaikosa. Akanitazama kwa aibu kidogo. "Kaka, na ile Office, hutanirudishia?" Nikamwonyesha LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, niliyomwekea. Akachapa mistari miwili, akaihifadhi, akauliza kama itafunguka kwa mwalimu wake. Nikamwambia ahifadhi kwa .docx, au apeleke PDF.